Weupe wa Meno: Mwenye Taji au Meno ya Bandia Afanye Nini?

Tuwaze habari ya mama mmoja, mkaaji wa Bukavu au wa Lubumbashi. Miaka kumi iliyopita aliteleza penye ngazi, akavunjika jino la mbele. Mganga wa meno alikisawazisha kipande kilichobaki, akakifunika kwa taji la kauri. Kazi ilikuwa nzuri: rangi ya taji ililingana kabisa na rangi ya meno mengine, hata mawifi zake hawakutambua kamwe kwamba jino moja si lake la kuzaliwa. Sasa binti yake yu karibu kuolewa. Mama ataka kucheka bila wasiwasi mbele ya wageni na mbele ya mpiga picha. Basi akanunua sokoni dawa ya kung'arisha meno, akaitumia kwa bidii muda wa majuma mawili. Meno yakawa meupe kweli. Lakini katikati ya weupe huo, jino moja lilibaki na rangi ya chai: lile taji. Siri iliyofichika miaka kumi ikaonekana na watu wote.

Akaenda kwa mganga wa meno kwa uchungu, akidhani kwamba taji limeharibika. Mganga akamjibu: «Hapana, mama. Taji lako ni lile lile la siku ya kwanza. Meno yako ndiyo yaliyobadilika, yakaliacha peke yake.»

Mambo kama hayo huwapata wengi siku hizi, kwa maana dawa za kung'arisha meno zauzwa kila mahali, sokoni na hata kwa njia ya simu, na watu wenye meno ya kutengenezwa ni wengi kuliko zamani. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuzungumza nanyi leo, akina mama na akina baba, juu ya jambo hili. Aliyelijua mapema atajiepusha na hasara ya mali na aibu ya bure.

Jino lilivyo

Jino letu la kuzaliwa lina tabaka mbili ambazo yatupasa kuzijua. Ya nje huitwa enameli. Ni ngumu kuliko mfupa, nayo hupitisha mwanga kidogo, kama kioo chenye ukungu. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina rangi ya manjano. Basi rangi ya jino tunayoiona hutoka kwa sehemu kubwa katika dentini, ikipenya enameli. Kadiri mtu anavyozeeka, enameli hupungua na dentini huzidi, na jino huelekea manjano. Hilo si uchafu wala ugonjwa.

Madoa nayo ni ya namna mbili. Kuna madoa ya juu, yaletwayo na chai, kahawa, tumbaku, divai nyekundu na makasu tunayotafuna. Hayo hukaa juu ya jino, na mengi huweza kuondolewa kwa usafi. Kuna tena madoa ya ndani, ambayo mswaki hauyafikii. Mtoto aliyepewa dawa ya tetrasaiklini kabla ya kutimiza miaka minane, wakati meno yake yalipokuwa yakijengeka, aweza kupata meno ya kijivu au ya kahawia kwa maisha yake yote. Vile vile jino lililopigwa likafa huweza kugeuka jeusi.

Kuna pia jambo la maji. Katika nchi za volkano, kama sehemu za Goma kandokando ya Virunga, au Arusha chini ya mlima Meru huko Tanzania, maji ya mahali pengine yana floridi nyingi. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto anywaye maji yenye floridi kupita kiasi hupata meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Wengi wa watu hao, wakisha kuwa wakubwa, hutamani kuyafunika meno yao. Hapo ndipo habari ya taji na ya faseti inapoanza.

Taji, faseti na meno ya bandia

Tueleze maneno haya ili tusichanganyikiwe. Taji ni kama kofia ngumu inayofunika jino lote. Hutengenezwa kwa kauri, au kwa madini, au kwa madini yaliyovikwa kauri. Faseti ni ganda jembamba linalogandishwa upande wa mbele wa jino tu. Meno ya bandia ni yale yanayoshika mahali pa meno yaliyong'oka. Mengi hutolewa kinywani na kurudishwa, na siku hizi hutengenezwa kwa kawaida kwa plastiki ngumu iitwayo akriliki.

Kisa chake cha zamani chafaa kusimuliwa. Katika karne ya 18 watu wa Ulaya waliopoteza meno walitumia meno yaliyochongwa katika pembe za wanyama, hata za kiboko. Mfamasia mmoja Mfaransa, Alexis Duchâteau wa Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, alikuwa na meno ya namna hiyo. Kwa kuwa kazi yake ilimlazimu kuonja dawa alizochanganya, meno yake yalinyonya dawa hizo, yakabadilika rangi na kunuka. Akajiuliza: bakuli la kauri halinyonyi dawa wala halinuki, kwa nini meno yasifanywe kwa kauri? Majaribio ya kwanza hayakufaulu, kwa sababu kauri hujikunja inapochomwa motoni. Lakini Nicolas Dubois de Chémant, mganga wa meno, aliiendeleza kazi hiyo hata akapata hati ya uvumbuzi huko Ufaransa katika mwaka wa 1789.

Faseti zilikuja baadaye sana. Charles Pincus, mganga wa meno wa California, aliwabandika waigizaji wa sinema maganda membamba ya meno ili wapendeze mbele ya kamera. Kazi ikiisha, maganda yaliondolewa, kwa maana gundi ya wakati ule haikuwa na nguvu. Mwaka wa 1955 Michael Buonocore alionyesha jinsi asidi inavyoweza kuifanya enameli ikwaruze kidogo ili rezini ishikamane nayo. Toka hapo njia ikafunguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 waganga waliweza kugandisha faseti za kauri zikae miaka mingi.

Angalieni sana: mfamasia yule alitafuta kitu kisichonyonya rangi, akakipata. Lakini kitu kisichonyonya rangi hakinyonyi weupe pia. Ndiyo maana ya shida yote ya mama yetu.

Dawa hufanya kazi gani?

Dawa za kweli za kung'arisha meno zina peroksidi ya haidrojeni, au peroksidi ya kabamidi ambayo huitoa ile ya kwanza polepole. Peroksidi hupenya enameli na kuingia katika dentini, na oksijeni yake huvunja chembe zenye rangi zilizomo ndani, mpaka zisionekane tena kama zamani. Mwaka wa 1989 waganga wawili wa Marekani, Haywood na Heymann, walieleza namna ya kuitumia nyumbani usiku: dawa yatiwa katika kijichano chembamba kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno ya mgonjwa mwenyewe, chini ya uangalizi wa mganga.

Katika kauri hakuna chembe za kuvunjwa. Rangi yake imechomwa motoni pamoja nayo, kama ua lililochorwa katika sahani. Osheni sahani hiyo kwa dawa yoyote mnayotaka. Ua halitageuka jeupe. Ndivyo ilivyo kwa taji na kwa faseti. Akriliki ya meno ya bandia haibadiliki vile vile. Hata kiraka cha rezini kilichozibwa katika jino la mbele hakitakuwa cheupe kwa peroksidi, ingawa uso wake hushika madoa ya chai upesi kuliko kauri.

Kuna mwenye taji la zamani la madini yaliyovikwa kauri, ambaye aona mstari wa kijivu penye ufizi, naye huusugua kila asubuhi akidhani ni uchafu. Mara nyingi mstari huo ni madini yenyewe, yaliyoonekana baada ya ufizi kurudi nyuma. Akisugua kwa nguvu, ufizi utazidi kurudi nyuma, na mstari utazidi kuonekana.

Utaratibu unaofaa

Basi, kwa yule ambaye bado hajawekewa taji wala faseti, lakini ataka pia meno meupe, shauri letu ni moja: weupe kwanza, taji baadaye. Hapana budi utaratibu ufuatwe hivi.

Kwanza, mganga apime kinywa chote. Jino lenye tundu, kiraka kinachovuja au ufizi unaotoka damu vitibiwe kabla ya jambo jingine lolote. Dawa ikipenya katika tundu, maumivu yake ni makali.

Pili, meno ya kuzaliwa yang'arishwe mpaka kufikia rangi inayotakiwa.

Tatu, mgonjwa angoje kama majuma mawili. Kungoja huku kuna sababu mbili. Baada ya dawa, rangi hurudi nyuma kidogo kabla ya kutulia; tena oksijeni iliyobaki katika jino huizuia gundi ya rezini isishike vizuri. Anayefanya haraka atapata faseti isiyolingana na meno mengine, au itakayobanduka upesi.

Nne, ndipo rangi ya taji ichaguliwe. Mganga ana kipimo chenye vijino vya rangi mbalimbali, mara nyingi 16. Yafaa kuchagua katika mwanga wa mchana, bila rangi ya midomo, mwanzoni kabla meno hayajakauka, kwa maana jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Msione haya kuomba kioo na kusogea dirishani. Kuuliza si ujinga, na taji likisha kuchomwa rangi yake haibadilishwi tena.

Kuhusu jino moja lililokuwa jeusi kwa sababu ya pigo, mganga aweza pengine kuling'arisha kwa ndani, baada ya kuusafisha na kuuziba mzizi wake. Mulizeni juu ya jambo hilo kabla ya kukubali taji, kwa maana kuweka taji kwataka kusaga jino, na enameli iliyosagwa hairudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na aliyekwisha kuwa na taji?

Huyu asikate tamaa, lakini asiguse dawa ya sokoni kabla ya kujua mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kujua kama taji limechafuka tu. Tumbaku, makasu na chai huacha utando juu ya kauri, hasa kama uso wake umekwaruzwa. Mganga aweza kuusafisha kwa dawa laini na kuung'arisha tena. Mara nyingi watu hushangaa kuona jinsi usafi huo peke yake unavyotosha.

Jambo la pili ni kujua kama meno ya kuzaliwa yamekuwa ya manjano kuliko taji. Hapo kung'arisha kwaweza kusaidia sana: meno yarudishwe polepole kwenye rangi ya taji, nayo dawa isimamishwe mara yanapolingana. Kazi hii yataka jicho la mganga.

Jambo la tatu ni mali. Mtu akitaka meno yawe meupe kuliko taji, ajue tangu mwanzo kwamba taji litalazimika kufanywa upya. Mataji mengi hudumu miaka 10 au 15, na mengine zaidi. Kama lako limezeeka na lilikuwa karibu kubadilishwa, mpango huo waweza kuwa na maana. Kama lingali zima, fikirini mara mbili: je, faranga hizo hazikupangiwa karo ya watoto au bati la nyumba?

Tena msimfiche mganga. Wako watu wanaoona haya kusema kwamba jino fulani ni la bandia. Mficha maradhi kilio humfichua. Mganga asiyejua aweza kutumia dawa isiyofaa. Kwa mfano, jeli fulani za floridi zenye asidi hula uso wa kauri, na hapo yafaa floridi isiyo na asidi.

Meno ya bandia yanayotolewa

Babu na nyanya zetu wenye meno ya akriliki huona mara nyingi kwamba yamegeuka kahawia. Dawa ya peroksidi ya kung'arisha meno ya kuzaliwa haitayapa rangi nyingine. Lakini usafi wa kila siku utayarudishia sura yake ya kwanza, au karibu yake.

Yatolewe na kusuguliwa kila siku kwa mswaki laini na sabuni nyepesi na maji. Dawa ya meno ya kawaida haifai, kwa sababu ina chembe zinazokwaruza plastiki, na katika mikwaruzo hiyo uchafu hupata maskani. Wakati wa kuyaosha, wekeni chini yake beseni lenye maji au kitambaa, ili yakiponyoka yasivunjike. Maji yasiwe ya moto, kwa maana akriliki hupinda, na meno yaliyopinda hayakai tena kinywani. Usiku yakae katika maji safi nje ya kinywa, ili ufizi upumzike. Mtu alalaye nayo hupata kwa urahisi ugonjwa wa kuvu chini yake. Vidonge vya kusafishia meno ya bandia ni vizuri, lakini hutiwa katika bilauri ya maji, havimezwi kamwe, na meno husuuzwa vizuri kabla ya kurudishwa. Viwekwe mbali na watoto.

Wengine hutumia javeli. Twawaonya: javeli hula madini, na meno mengi ya bandia yana vikulabu vya madini. Tena hufifisha rangi ya waridi ya ufizi wa bandia. Mtu asiitumie bila shauri la mganga. Ugaga mgumu usiotoka kwa mswaki usikwanguliwe kwa kisu. Upelekeni kwa mganga autoe.

Mambo ya kukataa

Kuna mapishi mengi yanayosifiwa: mkaa, majivu, mchanga laini, limau, hata javeli kinywani. Mkaa na mchanga husugua madoa, ni kweli, lakini husugua na enameli pia, na hukwaruza uso wa taji uliokuwa laini kama kioo. Unga wa mkaa huingia penye ukingo wa taji ukaacha mstari mweusi. Limau huyeyusha enameli. Na kwa kuwa dentini iliyo chini ni ya manjano, anayetafuta weupe kwa limau huishia katika manjano zaidi. Javeli kinywani ni sumu na huunguza fizi. Katika nyumba yenu jambo hilo lisijaribiwe hata mara moja.

Watoto na vijana wasipewe dawa za kung'arisha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2011 yaruhusu dawa zenye peroksidi zaidi ya asilimia 0.1 mpaka asilimia 6 zianzishwe na mganga wa meno tu, wala zisitumiwe kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Zaidi ya asilimia 6 zimekatazwa. Mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye wangoje wakati mwingine. Na yeyote atumiaye dawa hizo asishangae meno yake yakisikia baridi kwa siku chache. Maumivu yakizidi, aache na aende kwa mganga.

Turudi kwa mama yetu

Mganga hakumwuzia taji jipya siku ile. Alimwambia aiache dawa, na angoje. Weupe wa dawa haukai milele. Kwa chai na kahawa za kila siku, meno yake yangeelekea polepole rangi ya zamani. Akakisafisha kinywa chake chote na kuling'arisha taji kwa dawa laini, na tofauti ikapungua kidogo. Kisha akamweleza gharama ya taji jipya, ili alizungumze nyumbani na mumewe bila haraka.

Mama akaenda kwenye arusi ya binti yake na jino lake la rangi ya chai. Alicheka mwanzoni akiwa ameweka mkono mdomoni. Lakini ngoma ilipokolea mkono ulishuka wenyewe, na mpiga picha akampiga picha wakati huo. Yasemwa kwamba picha hiyo ndiyo binti aliyoichagua kuitundika ukutani.

Hatusemi kwamba kutamani meno meupe ni kosa. Kinywa safi ni heshima ya mtu mwenyewe na ya wale anaokaa nao. Twasema tu: kabla ya kununua dawa, jueni katika kinywa chenu ni lipi lililo hai na lipi lililotengenezwa kwa mikono ya fundi. Mkiwa na mashaka, nendeni kwa mganga wa meno mwenye cheti, mwonyesheni kila taji na kila kiraka, na mulizeni bei ya kazi yote kabla ya kuanza. Kisha rudini nyumbani mkafikiri pamoja.